Ngoma Iliyoota Moto wa Pilau

Mimi darasa nimelijua kwa dirisha tu, nikipita. Kwa hivyo msishangae nikisema mwalimu wangu wa ngoma alikuwa ndani ya simu.

Binti yangu aliposwa na kijana wa watu wa Pwani, akaniambia, "Baba, kwao hata mtoto mchanga anapiga ngoma. Sitaki upande wetu tukae hapo kama mizigo. Wewe ndiye utafungua ngoma."

Nikasema sawa kabla sijafikiria. Mtoto ninaye huyo mmoja tu.

Kwa simu kuna wazee wa ngoma wamerekodiwa wakipiga, halafu wanahojiwa. Wakipiga, macho yangu yanakuwa kama sahani. Wakianza kuhojiwa, narusha video mbele. Maneno mengi ya nini, na mkono ndio unapiga? Nikafanya mazoezi kwa mtungi wa maji, huko kwetu mtaa wa Kware, ghorofa ya juu karibu na malaika, hadi jirani wa chini akapanda kuuliza nyumba inabomolewa lini ahamishe vyombo.

"Jirani, vumilia tu," mke wangu akamwambia. "Anaozesha mtoto."

Mikono ikashika. Nikanunua ngoma ya ngozi kwa fundi wa mtaa wa Baba Dogo, nikaifunika blanketi kama mgonjwa.

Harusi ilikuwa mtaa wa Lucky Summer, asubuhi ya baridi ile ya Julai, mbwa anabweka huku anatetemeka. Hema imejaa wakwe na kanzu zao nyeupe. Binti yangu ananiangalia. Nikainua mkono, nikapiga.

Pwoo! Kama godoro linalokung'utwa vumbi.

Nikapiga tena. Godoro.

"Mkwe, hiyo imelala ama imekufa?" mjomba wa bwana harusi akauliza. Watu wakacheka. Binti yangu hakucheka. Akainama akaangalia hina yake.

Nyanya wa bwana harusi, mama mwembamba kama ufagio, akaja akabonyeza ngozi kwa kidole.

"Mwanangu, umeiotesha moto?"

"Moto wa nini, mama?"

"Ngozi ikishikwa na baridi inalegea. Hukuambiwa?"

"Wale wazee wa simu hawakusema."

"Walisema, Baba," binti yangu akajibu kutoka kitini. "Ulikuwa unarusha mbele."

Moto uliokuwepo ni wa pilau peke yake. Nyanya akawageukia wapishi. "Shusheni sufuria."

"Mama, mchele haujaiva!"

"Mchele utangoja. Shusheni."

Wanaume wazima wakaishusha wakiguna. Tukaigeuzageuza ngoma juu ya makaa, mimi na yeye, pole pole. Kila saa anaigonga kwa kidole, anatega sikio, anatikisa kichwa. Mwishowe ngozi ikalia ti! Akanirudishia.

Nikapiga hadi mabati ya Baba Dogo, mtaa wa jirani, yakaitikia. Wanawake wakaingia katikati kwa vigelegele, na binti yangu akainuka, akasahau kwamba bibi harusi anatakiwa kukaa kwa adabu.

Pilau tuliila ngumu, inalia kru kru mdomoni. Waliolalamika ni wapishi pekee.