Ameongea Maneno Yetu?

Dada yangu hakuwahi kujali siasa mpaka figo zake zilipokataa kazi. Kuanzia hapo alimfuatilia mbunge wetu kuliko hata wapinzani wake. Damu yake ilikuwa ikisafishwa hospitalini, mjini Wote, mara mbili kwa wiki, na kati ya boma letu, kule upande wa Kathonzweni, na hospitali kuna mto wa mchanga usio na daraja. Kiangazi pikipiki hupita katikati yake bila wasiwasi. Mvua ikinyesha huko juu, mto hushuka umefurika na kila mtu hubaki upande wake.

Mheshimiwa alituahidi daraja wakati wa kampeni, akasema ahadi ni deni. Mwenye simu ya maana nyumbani ni mimi, kwa hiyo kazi ya kumchunga ikawa yangu. Mchana nilifungua matangazo ya bunge, nikaegemeza simu kwenye debe la mbaazi, dada akatazama akiwa amelala mkekani. Akizidiwa, nilimsomea kumbukumbu za kikao kesho yake.

"Ameongea maneno yetu?"

"Bado."

Siku moja tulimwona nyuma ya mwenzake aliyekuwa akizungumza, ananyoosha koti. Dada akapiga makofi. Siku nyingine alisimama kabisa. Nikaongeza sauti, hata mwaitu, mama yetu, akaacha kupepeta ndengu. Kumbe alikuwa anawakaribisha wanafunzi waliotembelea bunge. Akawatakia safari njema, akaketi. Dada alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Mwaitu alichoka na lawama zangu. "Wewe unamtafuta kwa simu ya nini? Si alikuja kuzika babako? Akaongea vizuri, akalia na sisi."

Kwetu ndivyo mbunge anavyopimwa. Asiyefika matangani hajafanya kazi, hata akishinda bungeni akitunga sheria. Anayefika kila Jumamosi, hakuna anayemuuliza Jumanne alikuwa wapi. Nilimwambia mwaitu kwamba matanga hayajengi daraja. Akasema masomo yameniharibu.

Novemba mto ukashuka. Tulimpeleka dada mpaka ukingoni, tukakaa juu ya leso yake tukitazama maji mekundu yakibeba miti. Uso wake ulikuwa umevimba. Tukarudi. Kesho yake tukaenda tena, tukarudi tena. Njiani aliniuliza kama bunge linakutana siku hiyo. Nikatazama simu. Wabunge walikuwa likizoni.

"Basi si makosa yake," akasema. Baada ya hapo sikumsikia tena akisema neno lililoeleweka.

Siku ya mazishi mto ulikuwa umerudi kuwa mchanga, na gari la mheshimiwa likavuka bila shida. Alipewa kipaza sauti kabla ya pasta. Akazungumza juu ya daraja, kwa kirefu na kwa uchungu. Alijua mto wetu, alijua nguzo zitasimama wapi, alijua wagonjwa wanavyokaa ukingoni wakingoja maji yapungue. Watu wakasema amina. Mwaitu, machozi yakimtiririka, alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mimi nilimchukia mtu yule, na bado nilisikiliza kila neno lake.

Alipoketi, nilijikuta nimeinamia jeneza, kwa mazoea tu, midomo karibu na mbao.

"Ameongea," nikamwambia dada. "Ameongea maneno yetu."