Vitabu vya Saluni kwa Mama Hans

Kandida Massawe alianza kuweka vitabu saluni kwa sababu ya kukatika kwa umeme. Siku hiyo mtaa wote wa Ngarenaro, Arusha, haukuwa na umeme tangu asubuhi. Redio ilinyamaza, na msichana aliyekuwa akisukwa rasta akatoa riwaya kwenye mkoba wake na kuanza kusoma kimya kimya. Kandida, ambaye wateja wengi humwita Mama Hans, akamwambia kama anasoma basi asome kwa sauti, maana mikono yake yeye ina kazi lakini masikio yamekaa bure. Binti akasoma. Akina mama wawili waliokuwa wakingoja zamu wakasogeza viti. Nywele zilipokwisha, hadithi ilikuwa imefika mahali ambapo kijana mmoja amefungiwa ndani ya ghala la kahawa, na mmoja wa wale mama akauliza, kwa hasira kidogo, kwa nini leo Mama Hans amesuka haraka hivyo.

Baada ya hapo alianza kutafuta riwaya za vijana. Nyingine aliachiwa na wasichana waliomaliza shule, nyingine alizikuta kwa wauza vitabu vya mitumba, na akapigilia ubao juu ya kioo ili zikae hapo. Yeye mwenyewe aliacha shule kidato cha pili, alipotoka Kibosho kuja Arusha kumsaidia dada yake aliyejifungua, na hakurudi tena. Hakuwa na uchungu na jambo hilo. Alipenda hadithi, basi, na kusuka kunachukua muda mrefu.

Wasichana walimwamini kwa vitabu kuliko walivyowaamini walimu wao. Hakuwauliza wanapenda hadithi za aina gani, kwa kuwa aligundua mapema kwamba wengi hawajui. Aliuliza, "Wiki hii umekasirishwa na nani?" Aliyekasirishwa na baba alipewa kitabu fulani, aliyekasirishwa na rafiki alipewa kingine. Yule aliyecheka tu bila kujibu alipewa kile cha mapacha wanaobadilishana madarasa shule ya bweni. Mara nyingi alipatia.

Kasoro ilikuwa moja, na hakuna aliyeijua isipokuwa yeye. Karibu vitabu vyote alikuwa amevisikia mwanzo tu. Msichana alisomewa, au alisoma, mpaka nywele zake zikaisha kusukwa, kisha akaondoka na kitabu kwenda kumalizia nyumbani. Alipokirudisha, Kandida aliuliza kilikuwaje, naye akasema kizuri. Hilo lilimtosha.

Nashipae aliletwa saluni na shangazi yake, Namelok, muuza vitenge anayeishi Engutoto. Alikuwa kidato cha pili. Kwao ni upande wa magharibi wa Mlima Meru, ambako baba yake, Simel, analima mahindi na kufuga, na alikaa kwa shangazi ili awe karibu na shule. Shule yao iliruhusu twende kilioni, mistari myembamba, bila rasta wala shanga.

"Shikamoo anti," alisema, akakaa.

"Marahaba. Wiki hii umekasirishwa na nani?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, anti."

Kandida akamtazama kwenye kioo. Uso ulikuwa umetulia mno kwa msichana wa umri ule. Akanyoosha mkono juu, akamshushia kitabu chenye jalada la kijani, kuhusu binti anayemuuguza mama yake na kukaanga maandazi alfajiri kabla ya kwenda shule. Nashipae alisoma vizuri, polepole, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama anayesoma matangazo kanisani. Walipofika pale ambapo binti na mama wanahamia kwa mjomba, alisimama.

"Mama yake ni mgonjwa," alisema.

"Ndiyo. Kizuri sana hicho. Si unafunga shule wiki ijayo? Kichukue, ukamalizie huko nyumbani."

Namelok alikuwepo, amekaa mlangoni. Kwamba Simaloi, mama wa Nashipae, alikuwa akiugua tangu Pasaka halikuwa jambo la kutajwa saluni mbele za watu.

Nashipae alirudi Julai, asubuhi ya baridi, mlima ukiwa umefunikwa na ukungu mpaka chini. Alikuwa peke yake. Alivaa sweta la shule na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upara. Kandida alielewa kabla hajaambiwa, maana kwao Nashipae wengi bado hunyoa wakifiwa. Kulikuwa na mteja mmoja kwenye kiti. Kandida akamwomba radhi, akasogea mlangoni.

"Pole sana, mwanangu. Ni nani?"

"Mama." Akampa kitabu cha kijani. "Nimekirudisha."

Kitabu kilikuwa chepesi kuliko kawaida. Kandida akakifungua nyuma na kuona kurasa za mwisho zimechanwa, zimebaki nyuzi za gundi na meno ya karatasi.

"Umezichana wewe?"

"Ndiyo. Nimezichoma jikoni."

"Kwa nini?"

Nashipae alijibu bila kuinua sauti. Alisema alipofika nyumbani mama yake alikuwa hatoki tena kitandani, akawa anamsomea. Kiswahili cha vitabu mama hakukizoea, kwa hiyo alisoma ukurasa, kisha akamgeuzia kwa Kiarusha, lugha ya kwao. Mama alikipenda. Kila siku aliuliza yule mama wa kwenye kitabu anaendeleaje.

"Mwishoni anapona," Nashipae alisema. "Anacheza ngoma kwenye kipaimara cha mtoto wake. Mama akasema, umeona, na mimi nitacheza kipaimara chako. Akafa wiki ile ile."

Kandida akakifunga kitabu.

"Ulisema ni kizuri," msichana akaendelea.

"Nilisema."

"Ulijua anapona?"

Angeweza kusema ndiyo, au kwamba alisahau. "Sikujua," alisema. "Mimi niliishia pale pale ulipoishia wewe, walipohamia kwa mjomba. Sijawahi kukimaliza."

Nashipae alimtazama. Hakuonekana kukasirika zaidi. Alionekana kama mtu aliyepewa jibu la hesabu ambalo hakulitegemea. "Basi anti, nakwenda shule," alisema, akaondoka.

Mchana ule Kandida alishusha vitabu vyote, akavipanga kwenye boksi la mafuta ya nywele, akawasha redio. Wateja walipouliza alisema anasafisha ubao. Aliyelalamika zaidi ni Hope, binti wa jirani, kidato cha nne, aliyependa kusoma kwa sauti kuliko wote.

"Unasafisha ubao mwezi mzima, Mama Hans?"

"Navisoma."

"Si ulishavisoma?"

"Nilisomewa," alisema Kandida, na Hope hakuelewa tofauti yake.

Alivisoma asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, amekaa kwenye kiti cha wateja kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na dirisha. Mwanzoni ilikuwa shida. Alizoea sauti ya mtu mwingine, na macho yake peke yake yalichoka upesi, midomo ikimchezacheza. Ilibidi anunue miwani. Lakini alisonga mbele, na akakutana na mambo. Kitabu kimoja alichokisifu kwa miaka, cha msichana hodari wa hesabu, kiliishia msichana huyo akiolewa na mwalimu wake wa hesabu, na mwandishi aliandika harusi ile kama zawadi. Kandida alifikiria wasichana wote aliowapa kile kitabu, kisha akakitupa. Kingine, ambacho hakuwahi kumpa mtu kwa kuwa mwanzo wake ni wa taratibu, kilimfanya achelewe kufungua mlango, mteja akigonga nje.

Cha kijani alikitafutia nakala nyingine. Alipofika mwisho hakulia, alikasirika. Mama aliyekuwa akifa kwa kurasa mia na zaidi alipona katika mbili. Daktari mgeni aliingia, akatoa dawa, na ngoma ikaanza. Kandida aliona mwandishi alikuwa amechoka, au aliwaogopa wasomaji wake.

Mwezi Oktoba Namelok alikuja kutengeneza nywele. Hawakuzungumza jambo lile mpaka alipoingizwa chini ya draya ya kukaushia nywele, na kwa sababu ya kelele yake alizungumza kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Mama Hans, kile kitabu. Wifi yangu alikuwa anakiulizia kuliko dawa."

"Nashipae aliniambia."

"Alikuambia kwamba mama yake alikuwa anacheka? Kuna mjomba mlevi humo ndani. Wifi alimcheka mpaka tukamwambia apumzike. Sisi wengine tulikuwa tunaingia mle ndani na nyuso za msiba, mtu angali hai. Mtoto ndiye aliyekuwa anaingia na hadithi."

"Umemwambia hivyo?"

"Hataki kusikia." Namelok alirekebisha taulo shingoni. "Mimi sikulaumu. Nimetaka tu ujue."

Kandida alishukuru, akapunguza moto wa draya. Hakuona kwamba maneno yale yalibadilisha kitu, kwa sababu aliyestahili kumwambia hayo hakuwa Namelok, ni Nashipae. Hata hivyo kesho yake alirudisha vitabu juu ya ubao, vile tu alivyokwisha kuvisoma hadi mwisho.

Desemba, shule zilipofungwa, Nashipae alikuja mwenyewe. Nywele zilikuwa zimekua kiasi cha kushikika. Alisalimia, akakaa kwenye kiti, akaomba twende kilioni. Kandida alianza kugawa mistari na hakumuuliza amekasirishwa na nani. Walikuwa wamefika nusu ya kichwa msichana alipozungumza.

"Anti, una kitabu ambacho mtu anakufa, halafu kitabu kinaendelea?"

"Kinaendelea vipi?"

"Hakiishii hapo. Watu wanakula, wanakwenda shule."

Kandida alifikiri, chanuo likiwa hewani. "Kipo. Bibi anafariki mapema, hata hujamzoea vizuri. Vilivyobaki vyote ni wajukuu wanavyogombana nani abaki na ng'ombe wake mmoja. Kinachekesha, na kuna mahali hakichekeshi."

"Mwisho wake?"

Kwa kawaida hakuna anayesema mwisho saluni. Wateja wangemfukuza. "Unataka niuseme?"

"Useme."

Akausema, kwa sauti ya chini, mistari mitatu mizima ya nywele ikapita. Nashipae alisikiliza akitazama mapaja yake. Kisha akasema, "Nipe hicho."

Alikirudisha baada ya Mwaka Mpya na malalamiko. Bibi wa kwenye kitabu aliongea kama mhubiri. Ng'ombe angeuzwa sura ya pili kama watu wale wangekuwa na akili. Na mjukuu wa kiume hakulia hata mara moja, jambo ambalo si kweli, kwa sababu kaka zake yeye walilia. "Lakini wanakula," alisema. "Siku ya pili tu wanakula makande na wanagombania ukoko. Hapo mwandishi amepatia." Kandida alimtetea bibi. Walibishana mpaka Hope, aliyekuwa akingoja zamu, akawauliza kama na yeye anaruhusiwa kukisoma kabla hawajakimaliza chote kwa mdomo.

Kuanzia hapo Nashipae alikuwa akija hata wakati hasukwi. Alisimama karibu na ubao na kuwaambia wasichana wenzake mambo ya vitabu ambayo Kandida asingeyasema: hiki kina mtoto anayepigwa, usikisome kama hutaki, hiki mapenzi yake ni ya kipuuzi lakini safari ni nzuri. Wasichana wengine hawakumpenda kwa hilo. Walitaka kuambiwa kizuri, basi. Kandida hakumzuia. Siku moja alimwambia maneno ya shangazi, ya mama aliyecheka kwa sababu ya mjomba mlevi. Nashipae alisema anakumbuka. Alieleza hata mahali, mjomba anapomsalimia mbuzi akidhani ni mchungaji wa usharika, na kwamba kwa Kiarusha ilichekesha zaidi, kwa kuwa katika kugeuza alimpa mbuzi jina la mzee wa kanisa lao. Alicheka kidogo, akarudi kupanga vitabu.

Miaka imepita, na sasa Nashipae yuko chuoni Morogoro, anasomea kilimo. Humtumia Kandida ujumbe wa sauti kwenye simu, mrefu, kuhusu anachosoma, na Kandida huusikiliza akisuka, wateja nao wakisikiliza. Likizo iliyopita alipita saluni akaomba akatwe nywele ziwe fupi, kwa kuwa chuoni hana muda. Kazi ilikwisha upesi. Alijitazama kwenye kioo, akapangusa shingo, akauliza ni kitabu gani kipya. Kandida alimwonyesha kimoja, akamwambia kinamchosha na amefika katikati tu. Nashipae akavuta kiti cha wateja, akakifungua kwenye alama, na kuanza kusoma kwa sauti huku mteja mwingine akioshwa nywele.