Vifungo vya Bahari Nyumbani kwa Béthanie

Béthanie Kyabu alikuwa amefundisha biolojia miaka ishirini na miwili katika shule ya Wamethodisti mjini Kamina, na kila mwaka, wiki ya kwanza baada ya Pasaka, alichora matumbawe ubaoni kwa chaki nyeupe, maana chaki za rangi huishia kwenye barua za maombi. Wanafunzi walinakili. Samaki waliomjua ni yule wa Bukama, anayefika mjini akiwa amekaushwa kwa moshi, mkia umeingizwa mdomoni. Kwa hiyo mumewe Gamaliel, karani wa ofisi ya reli, alipoleta nyumbani sanduku la kioo lenye maji ya chumvi na matumbawe hai, ungedhani angemuuliza mkewe walau swali moja. Hakuuliza. Mkewe alikuwa na diploma tu ya mambo hayo. Yeye alikuwa na imani.

Sanduku alipewa na injinia wa minara ya simu aliyekuwa anarudi kwao, baada ya watu wote wenye akili kulikataa. Lilikuja na paneli mbili za jua, batri, pampu, ndoo ya chumvi maalum iliyotoka Lubumbashi kwa lori, na karatasi mbili za maagizo. Karatasi hizo Gamaliel aliziona za manufaa sana. Alizikunja mara nne, akaziweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Ndani ya maji kulikuwa na jiwe lililofunikwa na vijinyama vya duara, vya kijani na vya rangi ya machungwa, vikubwa kama vifungo vya shati, kila kimoja kimezungukwa na nyuzi ndogo zinazochezacheza. Gamaliel aliviita vifungo. Béthanie alirudi kutoka shuleni, akavua viatu, akakaa mbele ya kioo. Alikuwa amevichora vibaya kwa miaka ishirini na miwili.

Tabu ya vifungo ni kwamba huzaana. Baada ya miezi saba vilikuwa vimelijaza jiwe la pili, lililokuwa tupu pembeni, na kuanza kupanda pampu. Hapo ikatangazwa kwamba msimamizi wa kanisa angekuja kula kwao Jumapili, na Gamaliel akaamua kwamba mtumishi wa Mungu hawezi kukaribishwa mbele ya jiwe chafu. Jumamosi mchana, mvua ikinyesha, alilitoa lile jiwe la pili kwa mikono mitupu, akalitumbukiza kwenye sufuria kubwa ya kusongea bukari, akafunga mlango na dirisha la jikoni ili mvua isiingie, akalichemsha. Maji ya moto husafisha kila kitu. Kwa hilo hakuhitaji diploma.

Béthanie alikuwa sebuleni akisahihisha mitihani. Alisikia harufu asiyoweza kuipa jina. Kabla hajamaliza karatasi ya sita, mdomo wake ulikuwa na ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba ufunguo. Kisha kikohozi, kisha baridi iliyomtetemesha mpaka kalamu ikaanguka. Gamaliel alitoka jikoni ameshika kifua, akasema labda ni pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Binti yao Mira, aliyekuwa kwa jirani akisukwa nywele, ndiye aliyewakuta wamelala sakafuni wakihema. Aliwavuta hadi barazani, akaita pikipiki mbili, na wote watatu wakaenda hospitali mvua ikiwanyeshea.

Daktari kijana alitoa damu. Kipimo kikasema hakuna malaria. Daktari alikisikiliza kipimo kwa heshima, kisha akaandika malaria. Jirani mmoja aliyekuja kuwatazama aliona mbali zaidi: huo ni uchawi wa watu wanaomwonea Gamaliel wivu kazini. Cheo cha Gamaliel kilikuwa hakijabadilika tangu aajiriwe, lakini wivu, inaonekana, hauangalii mambo madogo kama hayo.

Béthanie, na sindano ya maji mkononi, alifanya kile alichowafundisha watoto wa watu: alihesabu nani kaugua na nani hakuugua. Halafu akamwita daktari.

"Docteur, ile jiwe njo imetugonjesha," alimwambia. "Bale balikuwa mu nyumba na ule mvuke, bote bako bagonjwa. Mira alikuwa inje, iko muzima."

Daktari akamuuliza, kwa upole unaowekewa wenye homa, sumu ya bahari ingefikaje Kamina. Hata hivyo alitoka kwenye korido na simu yake, na aliporudi tabasamu lilikuwa limepungua. Alisema kuna matumbawe ya aina hiyo, kwamba sumu yake ikichemshwa hupanda na mvuke, na kwamba dawa ya kuiondoa mwilini hakuna. Akawawekea oksijeni, akawa anarudi kila mara kupima mapigo ya moyo. Béthanie naye akamkataza Mira kuingia jikoni. Mlango na dirisha vifunguliwe kutoka nje, na sufuria asiiguse mtu.

Siku ya nne walirudi nyumbani, wamekonda. Gamaliel, ambaye sasa alikuwa mtaalamu wa hatari, alitangaza kwamba atamwaga sanduku lote.

"Minyi naitupa mu mufereji leo," alisema.

"Na batoto benye kuchezea mu ule mufereji?" Béthanie alimuuliza. "Hapana, Baba Mira. Tutaipunguza, minyi na weye. Lakini soma kwanza."

Akainua meza, akamkabidhi zile karatasi. Mstari wa pili, kwa herufi kubwa, ulisema jiwe lisichemshwe kamwe. Gamaliel aliusoma mara mbili, akasema mwandiko wa wazungu ni mbaya.

Walifanya kazi barazani, kwenye hewa. Béthanie alivaa glavu nene zinazofika kiwikoni, miwani ya maabara ya shule na barakoa, akahakikisha hana kidonda mkononi. Gamaliel alivaa vivyo hivyo, akanuna, akashika beseni. Jiwe la kwanza lilibaki chini ya maji yake ya chumvi muda wote. Kwa patasi ndogo, ambayo toka siku hiyo haikuruhusiwa kuona jikoni, mkewe alikata ngozi iliyoshikanisha kifungo na kifungo, akibandua na kipande cha jiwe chini yake ili asiupasue mwili wa mnyama. Kila kipande alikigandisha kwa gundi juu ya kokoto yake, ili kiweze kuishi peke yake na kuhamishwa.

Kipande cha nne alikiinua kidogo kupita usawa wa maji. Kifungo kilijikunja, kikarusha tone moja. Likatua kwenye kioo cha miwani ya Gamaliel, sawasawa na mboni ya jicho.

Gamaliel alilitazama likiteremka.

"Ingekuwa jicho," alisema polepole.

"Ndiyo," Béthanie akajibu, akamfuta kwa kitambaa chenye maji, akaendelea kukata.

Maji ya beseni waliyatia Javel nyingi, ile dawa ya kung'arisha nguo, wakayaacha muda mrefu kabla ya kuyamwaga chooni. Vyombo, pamoja na ile sufuria na jiwe lake, vikapata dawa hiyohiyo. Kwenye kichujio cha sanduku Béthanie akaweka makaa mapya ya kunyonya sumu. Vipande vilikuwa vinane. Kimoja kilioza. Saba vilifunguka ndani ya wiki, na wanafunzi wakaja kuvitazama watanowatano, mikono mgongoni. Gamaliel aliwasimulia jinsi alivyoigundua sumu hiyo kwa majaribio. Hakuwa anadanganya.

Habari zilifika Luena, na mwalimu mmoja wa huko, Hénoch, akaja kuomba kipande. Béthanie akamuuliza atakisafishaje.

"Na maji ya moto kidogo," Hénoch alijibu.

Béthanie akampa chai, akamwonyesha njia ya stesheni. Lakini treni ilichelewa siku mbili, ambazo kwa njia ile ni kuwahi, na Hénoch hakuwa na pa kukaa ila mbele ya kioo chao. Siku ya kwanza alizisoma karatasi. Siku ya pili alishika beseni. Alipopanda treni alikuwa amepakata ndoo yenye kifuniko, kipande chake kikiwa ndani, glavu zimefika kiwikoni, na abiria wenzake wakampisha kiti kizima.