Wimbo wa Sinema Ulioniponyoka

Juzi nilikuwa Ifakara, nimepanda bajaji kutoka sokoni kwenda Katindiuka, redio ya dereva ikapiga ule wimbo. Kijana wa watu akaongeza sauti, akaniambia, "Zilipendwa hizi, mama." Wenzangu wakisikia wimbo wa zamani wanawakumbuka wachumba. Mimi namkumbuka binti wa katekista, na wewe rafiki yangu sikufichi, roho inaniuma kama jana.

Wimbo wenyewe ulitungwa kwa ajili ya sinema ya Wazungu, habari ya mwanajeshi aliyepotezana na mkewe vitani. Tuliiona utotoni kwenye banda la video nyuma ya stendi, mabati juu, magunia pembeni, jenereta linanguruma nje. Mtafsiri alikaa na kipaza sauti karibu na televisheni, akawageuza wahusika wote kuwa watu wa kwetu. Jenerali akifungua ramani, mtafsiri anauliza, "Jamani, Mchombe ni huku?" na sisi hoi kwa kicheko. Lakini ukifika wimbo alisema, "Hapa wanaimba tu," akaweka kipaza sauti chini, akanywa maji. Kwa hiyo wimbo ndio pekee uliotufikia kama ulivyotoka kwao. Gitaa linakwaruza kama mtu anakwangua ukoko, ngoma zinadunda, mwimbaji anapandisha sauti mpaka unamhurumia. Wavulana walipiga miluzi wakitaka vita irudi. Mimi niliganda pale kwenye benchi.

Kiingereza sikuwa nacho. Nilichosikia kwenye kiitikio ni "wali umeiva, wali." Usicheke. Kwa mtoto aliyekulia kwenye mpunga, maneno hayo yalikuwa na akili kabisa: mume yuko mbali, njaa inamuuma, mkewe anamwita aje kula. Nililia mpaka upindo wa gauni ukalowa.

Msimu ule tulihamia shambani, upande wa Mofu, kama familia nyingi zilivyofanya mpunga ukianza kutoa masuke. Nilikaa na bibi yangu kwenye kibanda cha nyasi, na jirani yetu alikuwa katekista na watoto wake. Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Asubuhi tunapanda dunguni, kile kijukwaa cha miti, tunagonga madebe, tunarusha udongo kwa kombeo na kupiga kelele mpaka sauti zinakauka. Mchana moshi wa kuni, harufu ya samaki mbasa anayebanikwa, tope linakaukia kwenye vidole vya miguu. Binti wa katekista alikuwa rika langu. Baba yake alisema banda la video ni mlango wa jehanamu, hivyo hakuwahi kulikanyaga. Nikamwonea huruma, nikamfundisha wimbo wangu wote, hata gitaa nikalipiga kwa mdomo.

Yule mtoto alikuwa na sauti, jamani! Alilelewa kwenye kwaya. Siku ya pili tu aliuachia wimbo kutoka dunguni kwao, na pale pa "wali umeiva" akauvuta ukatetemeka, hata watu wa mashamba ya jirani wakanyamaza kumsikiliza. Bibi, ambaye kusifu kwake kulikuwa kwa nadra, alishusha ungo. "Mwanangu, rudia," akasema.

Tangu hapo kila jioni bibi alimwita kwa kelele ng'ambo ya jaruba, "Binti katekista! Njoo utuimbie!" Anamwita mtoto wa watu, na mimi nimekaa hapo hapo miguuni pake natoa mawe kwenye mchele. Hata ukoko wa sufuria, uliokuwa haki yangu, alimwekea yeye. Nikalalamika kwamba wimbo ni wangu, mimi ndiye niliyeiona sinema. Bibi akanijibu, "Kizuri kula na nduguyo." Basi nikamwomba na mimi niimbe. Nikaimba. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Haya, kateke maji."

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: bibi aniite mimi.

Aliniita, ila ilichelewa. Nilikuwa kidato cha nne, Kiingereza kimeshaingia, na maneno ya wimbo nilishayapata sawasawa. Yanazungumzia kuishi na kungoja, chakula hakitajwi popote. Binti wa katekista alikuwa ameshaolewa. Bibi alikuwa kitandani, hajiwezi, mvua inapiga bati, akasema, "Niimbie ule wa sinema." Niliuimba mwanzo mpaka mwisho kwa Kiingereza safi, sikukosea hata neno. Nilipomaliza, bibi aligeukia ukutani.

"Huo siyo," akasema. "Wa sinema una wali."

Hakuniomba tena. Mavuno ya mwaka ule hakuyaona.

Banda la video sasa ni duka la simu, na mtafsiri hakuna anayejua alikoishia. Familia zinazohamia shambani na watoto zimepungua, maana watoto wako shule, na ndio vizuri. Jioni za kule shambani zimekwenda na watu wake.

Bajaji ilinishusha nyumbani kwa binti wa katekista mwenyewe, maana siku hizi anauza mchele pale Katindiuka, na mimi hununua kwake. "Karibu dada, umetutupa!" akanipokea. Tulipokwisha kula nikamwambia nimeusikia wimbo wetu njiani.

"Wimbo upi?"

Nikamwimbia kiitikio, kile chetu cha shambani, kwa sauti yangu hii. Alicheka akashika mbavu. "We dada, wali tena? Nani alikuwa anaimba upuuzi huo?"

"Wewe. Kwa bibi."

Alifikiri sana, akatikisa kichwa. Bibi anamkumbuka, ukoko anaukumbuka. Wimbo, hapana. "Nimeimba nyingi mno," akasema, huku ananipimia mchele. "Kwaya, harusi, misiba. Nitazikumbukaje zote?"

Sauti iliyomfanya bibi yangu ashushe ungo imebaki kichwani mwangu tu, mimi nisiyeweza kuitoa. Mwenyewe ameiacha njiani na hana habari. Nilimwangalia anafunga mfuko, anacheka bado, mwepesi kabisa, nikamwonea wivu hata huko kusahau kwake.