Prise ya Tatu ya Papa Nyembo

Anayesema Salomon hakuona vizuri siku ile anajidanganya. Aliona. Mimi Kabedi ni mama yake mdogo, nimemlea tangu dada yangu alipofariki, na naijua sura yake akiwa ameona kitu na hataki kukiona.

Salomon anafanya kazi ya fotokopi karibu na gare, kule stesheni ya treni. Baseball ililetwa hapa Kamina na sajenti mmoja wa kambi ya jeshi, na kitabu cha sheria kilikuja kwa Kifaransa, kurasa zaidi ya mia. Nani mwingine angekisoma? Salomon alijitengenezea nakala, akaisoma mpaka karatasi zikalainika, basi wakamfanya arbitre, mwamuzi wa mchezo. Sisi ni watu wa Kasai, mkoa mwingine. Yeye kazaliwa hapa hapa, lakini bado kuna wanaomwuliza atarudi kwao lini. Jumapili mchana, akiwa amevaa kile kinyago chake cha kukinga uso, hakuna aliyemwuliza. Akisema umetoka, umetoka.

Sasa Papa Nyembo. Huyu ni mashinisti wa zamani wa treni, tumbo mbele, sauti ya kuamrisha mabehewa. Binti yake mkubwa, Florentine, ameolewa na Béni, fundi wa magari kule kambini. Mdogo, Jenny, njo Salomon alimpenda. Miaka miwili mzee alikataa kumpa Mukasai mtoto wake. Mwezi ule akakubali, shingo upande, kwamba twende Jumamosi kujitambulisha. Pagne yangu, kitenge changu cha sherehe, ilikuwa imeshapigwa pasi.

Jumapili kabla ya Jumamosi hiyo, timu ya gare ilicheza na timu ya kambi. Ulikuwa mzunguko wa mwisho, gare wako nyuma kwa pointi moja, watu wao wawili wanangoja vituoni, na amebaki mmoja tu wa kutolewa mchezo uishe. Akaja Nyembo, mpigaji wa gare, na gongo lake. Nyuma yake alichuchumaa Béni, mdakaji wa kambi. Watu walicheka, mkwe mgongoni kwa mkwe. Huku kwetu baba ya bibi yako humgusi, humsukumi, humkazii macho.

Prise ya tatu, yaani jaribio lake la mwisho la kupiga, Nyembo akapiga hewa. Ingekuwa imeisha hapo, lakini mpira ulimponyoka Béni ukaanguka miguuni mwa mzee. Sheria yake naijua, maana Salomon alikuwa ananisomea nikikaanga mikate: mpira usipodakwa, mpigaji ana haki ya kukimbia, lakini akimzuia mdakaji kuuokota, ametoka, hata kama hakukusudia.

Nyembo hakukimbia. Aligeuka akasimama juu ya ule mpira, miguu wazi. Béni alijirusha kuuokota, akalikuta tumbo la baba mkwe mbele yake, akasimama palepale. Akakutanisha mikono kwa heshima, akainamisha macho. Wale wawili wa vituoni wakakimbia mpaka nyumbani, kituo cha kumalizia, na gare wakawa mbele. Ndipo Nyembo akatembea taratibu kwenda kituo cha kwanza.

Kelele ikawa kelele. Watu wa kambi walimzunguka Salomon wakitaka mzee atoke, wa gare wakaapa hajamgusa mtu. Salomon akamwuliza Béni mwenyewe.

"Hakunigusa," Béni alijibu, bado anaangalia chini. "Miye njo nilisimama. Iko mukwe wangu. Ningefanya nini?"

Kitabu hakina ukurasa wa wakwe. Lakini Salomon si mjinga. Kilichomzuia Béni kilikuwa kimesimama mbele yake na kofia kichwani, na kilijua kinachokifanya. Akiinua ngumi, ishara ya kumtoa mchezaji, Nyembo ametoka, na Jumamosi mlango umefungwa. Asipoinua, uwanja mzima unajua kwa nini. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia pia. Nilitaka nimpigie kelele ainue huo mkono. Lakini na mimi nilikuwa na pagne yangu ya Jumamosi.

"Hakuguswa," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Pointi zinahesabika."

Nyembo akarudi, akamshika bega mbele ya watu wote. "Merci, mukwe," akasema. Na mtoto wangu, ambaye hajaoa hata nusu ya mtu, akakutanisha mikono na kuinamisha macho, vilevile kama Béni.

Jenny alikuwa amekaa kando ya karai langu la mikate, niliyokuwa nauza pale uwanjani. Alingoja baba yake aende kushangiliwa, kisha akamfuata Salomon, nami nikamfuata yeye.

"Siku papa atasimama mbele yangu," alimwuliza, "weye utapita?"

Salomon aliutazama mpira. Ulikuwa bado pale chini.

Jumamosi tulienda. Tulipokelewa vizuri, kuku, soda, viti vya kuazima. Saa ya kumwita binti ikafika, Jenny akagoma kutoka chumbani. Florentine aliingia kumbembeleza, akatoka peke yake, akatikisa kichwa. Tungeondoka, lakini mkwe haondoki mpaka baba mkwe amruhusu, na Nyembo alikuwa ameanza tena kusimulia prise yake ya tatu.