Tarakimu Tatu za Mwisho

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mwaka ule zilikuwa zimehamia mdomoni kabisa. Darasa la kwanza la shule yetu kule Mlali lilikuwa na kuta bila paa, mabati yamelala stoo, na mawingu yameanza kukusanyika. Fundi tulikuwa naye. Lakini mfumo wa manunuzi wa halmashauri ulimkataa: bila TIN, yaani namba ya mlipakodi, fundi hayupo duniani.

"Sijawahi kuwa nayo," aliniapia.

Nikajaribu kumwombea mtandaoni. Nikajibiwa kwamba anayo tayari. Fundi akanuna, akadai kuna mtu anatumia jina lake. Tulibishana nusu siku ndipo akakumbuka kwamba zamani alichukua leseni ya pikipiki, na leseni haitoki bila TIN. Karatasi yenye namba aliitia kwenye bahasha pamoja na kitambulisho, pikipiki akamwachia shemeji yake, kaka wa mkewe, na bahasha ikaenda nayo mpaka kwa mama yao. Nikapiga simu ofisi ya kodi. Wakanieleza kwa upole kwamba namba ya mtu haitajwi kwenye simu, aje mwenyewe na kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ilikuwa ndani ya sanduku la mama mkwe wake.

"Si twende tukaichukue? Ni hatua mia mbili."

Akaniangalia kama nimemwambia avue nguo barabarani. Mimi ni mtu wa kuja, nilikuwa nimesahau: kwao mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe wake, wala hazungumzi naye.

"Utaenda wewe, mwalimu. Mimi nitasubiri nyuma ya uzio."

Nikamwamkia mama yule shikamoo, akaitika, akaniuliza habari za shule, za wazazi, mpaka za mbuzi ambao sina. Nikamweleza shida. Akaleta bahasha, akavaa miwani, akatazama uzio, ambapo kofia ya fundi ilionekana juu ya miiba.

"Muulize mwenye kofia, anaitaka namba yote?"

"Anaitaka yote," nikajibu mwenyewe, maana kazi ya ukalimani sikuiomba.

Akasoma tarakimu tatu, nikaandika. Akasoma nyingine tatu. Kisha akaikunja karatasi, akaiweka chini ya mkeka na kuikalia.

"Mama, zimebaki tatu."

"Najua, si nimesoma mimi? Mwambie hizo nitazisoma paa langu likiacha kuvuja."

Uzio ukakohoa.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia watoto watanyeshewa kwa ajili ya tarakimu tatu. Yeye hakupandisha sauti.

"Mwalimu, misimu mitatu nahamisha kitanda kila mvua ikinyesha. Fundi wa paa ni mkwe wangu, analala pale, na siwezi kumwambia. Binti yangu nimemtuma mara mbili, kila mara anarudi na salamu. Leo ndiyo mara ya kwanza huyu anataka kitu kwangu."

Nilishakunywa chai katika nyumba ile mara nyingi, nikaona beseni sakafuni, nikadhani ni la kuoshea vyombo. Niliona haya kwelikweli.

Kesho yake mama alihamia kwa jirani, maana mkwe hawezi kupanda juu ya kichwa chake, na fundi akashinda juu ya paa. Jioni mama akarudi, akaingia ndani, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka na karatasi nilichomoa kalamu, lakini alinipita. Alikwenda mpaka kwenye uzio, akageuzia uso pembeni, akasoma mwenyewe.

"Saba."

Kutoka upande wa pili, fundi akajibu, "Saba."

"Sifuri."

"Sifuri, mama."

"Nne."

Akairudia na hiyo, taratibu. Mfumo uliipokea namba, na darasa likaezekwa kabla ya mvua. Ila jioni ile mimi sikuandika kitu. Fundi ameoa miaka kumi na minne, na hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyowahi kuambiana.