Ganda Tupu la Fundi Mizani

Si kweli kwamba mke wa Fundi Mizani alimwekea mumewe risasi mbovu ili afeli mtihani wa leseni na akae nyumbani. Maneno hayo yameota miguu, na kila yanapotoka mlango mmoja kuingia mwingine yanazidi kunenepa. Sasa yamefikia kudai kwamba siku ya mtihani aliyefyatua ni mke mwenyewe, amevaa kofia ya mumewe. Kilichowekwa kwenye bunduki kilikuwa ganda tupu, ambalo haliwezi kumdhuru hata nzi, na mwenye bunduki alikubali kwa kinywa chake. Mambo yalikwenda hivi.

Fundi Mizani alirekebisha mizani za maduka, za wauza dawa na za posta. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa karakana yake. Mawe yake ya kupimia, ya shaba, yalikaa kwenye kisanduku cha mbao kwa kufuata ukubwa, kubwa kama ngumi hadi dogo kama punje ya mchele, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa kwa vidole. "Mkono una mafuta," alizoea kusema, "na mafuta yana uzito." Wateja walimcheka, lakini mizani iliyotoka kwake haikurudi.

Uwindaji aliurithi kwa baba yake, pamoja na bunduki. Ilikuwa bunduki nzito ya milimita tisa nukta tatu, na nyumbani waliiita Tisa tu, kama vile ni mmoja wa familia. Risasi yake ilikuwa ndefu kama kidole cha kati na kichwa chake kinene. Marehemu aliitumia vichakani, ambako mnyama huonekana akiwa hatua arobaini. Lakini eneo alilogawiwa mwanawe lilikuwa la miteremko mitupu. Kulungu walisimama ng'ambo ya bonde, mita mia tatu, wakimtazama kama watu walio barazani. Misimu miwili mfululizo alirudi nyumbani na kisu kisafi.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni mtihani. Kila baada ya miaka mitano mwenye leseni hupiga risasi tano kwenye bamba lenye upana wa sahani, umbali wa mita mia tatu, na lazima tatu zipate. Fundi alipata moja. Alipewa nafasi ya pili baada ya wiki tatu, na karatasi ya ofisi ilieleza wazi: akishindwa tena, leseni inafutwa, na silaha zote za nyumba hiyo zinakabidhiwa zikakatwe kwa msumeno. Tisa ingekatwa vipande kama bomba la maji. Mama yake mzazi, aliyeishi nao, alisomewa karatasi ile, akainuka akaenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Fundi alifanya alichojua kufanya. Alipima. Alitoa risasi zote arobaini za kwenye boksi akazipima moja moja kwa koleo dogo na mizani ya wauza dhahabu, zikatofautiana kwa uzito wa bawa la mbu. Akakaza skrubu za darubini ya bunduki, akakagua mtutu kwa tochi. Kila kitu kilikuwa sawa.

"Basi tatizo ni risasi yenyewe," alimwambia mkewe. "Ni ya karibu. Mimi nataka ya kufika mbali."

Akaenda dukani na kaka yake mkubwa, muuza nyama, mtu ambaye huwa hasubiri kuulizwa. Muuza bunduki alitandika kitambaa juu ya kaunta ya kioo akasimamisha risasi tatu: Tisa, ambayo fundi alikwisha kuwa nayo, kisha ya milimita saba yenye ganda kubwa lililojaa baruti, na pembeni ile ya sita na nusu, nyembamba, yenye kichwa kirefu.

"Hii saba ndiyo mwendokasi," alisema muuza bunduki. "Ukifyatua, kulungu anapata habari akiwa ameshalala."

"Na teke lake begani?" aliuliza fundi.

"Bwana fundi, mwanaume na teke tena?"

Kaka mtu aliichukua ile nyembamba akaigeuzageuza. "Na hii je? Hii si risasi, hii ni sindano ya zahanati. Unamwinda kulungu au unamchanja?"

Wakacheka wote watatu. Fundi alirudi nyumbani akiwa ameandika jina la ile saba kwenye kikaratasi, na moyo wake mzito kuliko mawe yake yote.

Mkewe alifundisha fizikia shule ya sekondari. Alikisoma kikaratasi, akamuuliza jambo moja tu. "Siku ya mtihani, zile nne zilizokosa zilipiga wapi?"

"Chini."

"Zote?"

"Zote chini. Mbona?"

"Mizani ikikosea upande uleule kila mara, unamlaumu mteja kwamba ameleta sukari mbaya?"

Fundi alisema, polepole, "Naikagua mizani."

"Haya. Risasi umeshazipima, darubini na mtutu umevikagua. Amebaki nani?"

Alhamisi walikwenda pamoja uwanja wa shabaha. Mke alimweleza mumewe mpango wake, naye fundi akakubali: yeye ataangalia pembeni, mke atamjazia bunduki, safari nyingine risasi nzima, safari nyingine ganda lililokwisha kupigwa, bila kumwambia ni lipi. Mwokota maganda wa uwanja alikuwa akipita na ndoo yake, akamwona mama wa watu anatoa ganda tupu mfukoni na kulitia kwenye bunduki ya mumewe. Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Angesubiri dakika tano tu angeona mwisho wake, lakini ndoo yake ilijaa kabla ya akili.

Risasi ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili nzima. Ya tatu fundi alilenga, akavuta pumzi, akafyatua, na bunduki ikasema *tik*. Hakukuwa na mlipuko wala teke. Lakini mtutu uliinama chini ghafla, kama kuku anayedonoa punje, na macho ya fundi yalikuwa yamefumbwa kabisa.

Alibaki amelala pale kwenye mkeka, shavu likiwa bado juu ya kitako cha bunduki.

"Umeona?" mkewe aliuliza.

"Nimeona." Akaikaza tena bunduki begani. "Rudia."

Wakarudia mara sita. Kila penye ganda tupu, mtutu ulidonoa. Bega lilikuwa linalikimbia teke kabla halijaja.

"Nimepima kila kitu," alisema fundi akipangusa magoti, "isipokuwa mpimaji."

Mtu mwingine angefurahi kuujua ugonjwa wake. Yeye alirudi nyumbani kichwa chini. Kaka mtu alikuwepo, amekuja kuulizia habari, na aliposimuliwa alipiga kofi paja lake. "Yaani unaogopa bunduki? Mtoto wa mzee yule?"

"Sema taratibu, shemeji," alisema mke. "Bega haliogopi. Bega linakumbuka."

"Baba alipiga Tisa miaka thelathini," fundi alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Hakupepesa hata jicho. Nikibadilisha risasi sasa, nitakuwa nimesema nini?"

Mama yao alikuwa akipanga vikombe kabatini. Alifunga mlango wa kabati, akaingia chumbani kwake, akarudi na koti la marehemu la kuwindia, lile la kahawia lililotundikwa nyuma ya mlango tangu msiba. Akaligeuza nje ndani na kuwawekea wanawe mezani.

"Shikeni hapo begani."

Chini ya bitana, bega la kulia, kulikuwa na kipande cha blanketi kilichokunjwa mara nne na kushonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo, kazi ya mkono wake.

"Na hicho ni cha pili," alisema. "Cha kwanza alikichakaza. Mlidhani kila Jumapili jioni nilikuwa namkanda baba yenu bega kwa maji ya moto kwa sababu ya mapenzi tu?"

"Mama! Mbona hakusema?"

"Angemwambia nani, mwanangu? Alikuwa na vijana wawili wa kiume, na mmoja ana mdomo." Akamtazama muuza nyama, ambaye aliinamia bitana kama anayehesabu mishono.

Fundi alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, koti likiwa mapajani, na mkewe hakumwona tena akitembea kichwa chini tangu saa hiyo.

Usiku uleule walichora jedwali la risasi zile tatu. Kwa mita mia tatu, Tisa inashuka sentimita hamsini na kitu. Saba ya mwendokasi, chini kidogo ya thelathini. Sita na nusu, thelathini na sita hivi.

"Saba inashinda," alisema fundi.

"Kushuka kunajulikana. Kinachojulikana unakirekebisha kwenye darubini na kulala. Usichokijua ni upepo. Tazama safu ya upepo."

Alitazama. Upepo uliisukuma Tisa karibu mara mbili ya zile nyingine, na hizo mbili zilipishana kwa kidole kimoja tu. Na kwa kulungu, uzito wa sita na nusu ulitosha na kubaki. Tofauti iliyobakia ilikuwa ya teke tu, na la sita na nusu lilikuwa jepesi kuliko yote.

"Sindano," alisema fundi.

"Sindano," alisema mkewe.

Muuza bunduki aliwaazima bunduki ya majaribio ya sita na nusu, na kwa siku kumi na moja fundi alipiga kila jioni, ganda tupu na risasi nzima zikichanganywa, mpaka *tik* ikaja na mtutu ukabaki umetulia kama sindano ya mizani iliyopata haki yake.

Siku ya mtihani kulikuwa na upepo wa kutoka kushoto. Kwenye mkeka alilala yeye, kwa kofia yake, na mkewe alikaa kwenye benchi la nyuma pamoja na mama mkwe, wameshikana mikono kama wasichana wa shule. Baada ya risasi ya tano msimamizi alitazama kwa darubini yake kubwa, akatazama tena.

"Nne," alisema. "Nne kwenye bamba."

Mama mkwe alitoa pumzi iliyosikika mpaka getini. Kaka mtu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya magari kwa wasiwasi, alitoka mbio akapaza sauti: "Sindano imeingia!" Fundi aliondoa komeo la bunduki, akahakikisha chemba ni tupu, akaisimamisha mahali pake. Ndipo akakaa chini kwenye majani na kuufunika uso kwa kofia kwa muda, mabega yote mawili yamelegea.

Tisa haikukatwa. Ilibaki kabatini, ikapakwa mafuta kila mwisho wa mwezi, na koti la kahawia likatundikwa kando yake mpaka fundi mwenyewe alipofariki, miaka mingi baadaye, kitandani kwake, leseni yake ikiwa hai.

Kuna wanaouliza kama mkewe naye aliwahi kulivaa koti lile akaijaribu Tisa, na kama alipata bamba. Swali hilo limeulizwa sokoni, limeulizwa hata matangani. Halijajibiwa, na halitajibiwa hapa.